TRIKO YA RANGI MBILI: UZI WA NYUMA NDIO UNALETA JOTO



Kule Islandi, nchi ya baridi na ya upepo wa bahari, watu wanafuma triko nzito inayoitwa lopapeysa. Ilienea katikati ya karne ya 20. Mapambo yake yanazunguka mabega. Juu ya nini iko na joto sana?

Kwanza ni kondoo wao. Manyoya yao ni ya namna mbili: yale marefu ya nje yanazuia maji, yale mafupi ya ndani ni laini na yanashika joto.

Pili ni ufumaji. Mwili na mikono vinafumwa kwa kuzunguka, bila mshono, kisha vinaunganishwa kwenye makwapa. Toka hapo vitanzi vinapunguzwa mpaka shingoni. Penye mapambo mfumaji anashika nyuzi mbili. Ule unaofanya kitanzi unaonekana mbele. Mwingine unapita nyuma, unangoja zamu yake. Basi pale triko inapata unene zaidi na hewa inabaki ndani. Hewa hiyo ndiyo inalinda joto la mwili.

Lakini angalisho: uzi wa nyuma hapana kuuvuta! Ukiuvuta, triko inakunjamana, haitanuki tena, na kazi ya majuma mengi inapotea. Mbele ya kubadili rangi, tandaza vitanzi vizuri kwenye sindano. Tena ukiulegeza mno, vidole vitanaswa wakati wa kuvaa.

Ukitaka kumjua fundi wa kweli, geuza triko yake, utazame upande wa ndani.