Shoka Limekwenda Wapi?

Msomaji mpenzi, ulikwisha kusimama ku soko karibu na karieri, beseni mkononi, ukasikia mama muuzaji anataja bei ya mchele? Bila shaka ulishtuka. Pengine ulisema moyoni: hawa wamama wa mashamba wana roho ngumu, wanatukamua sababu wanajua sisi tunatoka kwenye almasi. Labda ulilipa kwa hasira, ukadai matabishi, mama akakuongezea konzi moja ndogo, na hiyo konzi nayo ukaiona ndogo sana.

Mwezi huu tuache kwanza kubishana bei. Twende shambani, tuangalie ule mchele unatoka wapi.

Tunakwenda Bafwasende, teritwari kubwa ya Provinsi ya Tshopo. Ukishika barabara ya taifa namba 4 kutoka Kisangani, kuelekea Nia-Nia na Ituri, unafika Bafwasende kisha kilometa 260 hivi, pale mto Lindi unapopita. Njiani majina ya vijiji yanafanana kama watoto wa mama mmoja: Bafwaboli, Bafwabalinga, Bafwasende. Huku na huku ni pori, miti mirefu, matope mekundu wakati wa mvua. Ndani ya pori hilo kuna almasi na dhahabu, na tangu mwaka 1982, serikali ya Zaire iliporuhusu raia kuchimba na kuuza mawe kwa mikono yao, vijana hawajaacha kuingia humo. Kisha, miaka ya vita kati ya 1996 na 2003, malori yalikosekana kwenye barabara hii. Watu wa kinga ndio waliobeba chumvi, sabuni na mafuta ya ngazi. Kinga moja inabeba kilo mia na zaidi, na mwenyewe haipandi; anaisukuma kwa miguu, siku baada ya siku.

Jamaa tutakayoitembelea hatutaitaja jina. Ni jamaa ya mfano, sababu jamaa za namna hii ni nyingi kando ya barabara ile: baba, mama, nyanya mmoja, na watoto watano. Watu nane kwenye sahani. Tumwite mama huyu Mama tu, inatosha.

MPUNGA HUU SI WA JANA

Mpunga ulifika pande za Kisangani pamoja na Wangwana, watu wa biashara waliotoka mashariki wakati wa Tippu Tip, miaka ya 1800. Tangu 1917 Wabelgiji waliweka sheria ya kulimisha raia kwa lazima, na wazee wengi walijifunza kuchukia mpunga na pamba kwa sababu ya kifungo na fimbo. Lakini mpunga ulibaki. Kule Yangambi, kwenye kituo kikubwa cha uchunguzi wa kilimo kilichoanza kazi mwaka 1933, wataalamu walichagua mbegu za mpunga wa nchi kavu, ule usiohitaji maji ya kusimama. Mbegu yao moja, OS6, ilivuka mpaka ikalimwa hata Nigeria, na huko ikapewa jina FARO 11. Kwa hiyo mkulima wa Tshopo asijione mdogo. Mbegu ya kwao imelisha watu wa mbali.

Bon, tuingie shambani.

Usitafute mistari iliyonyooka kama bustani ya misioni. Utakuta magogo yaliyolala, mengine meusi kwa moto, na mpunga umeota katikati yake. Mahindi yamesimama hapa na pale, muhogo unachipuka chini, na ndizi ziko pembeni. Mgeni anaweza kusema huu ni uvivu. Kumbe kuna akili ndani yake. Udongo wa pori letu ni maskini kuliko unavyofikiri. Nguvu iko ndani ya miti na majani. Ukikata na kuchoma, majivu yanaupa udongo nguvu kwa misimu michache. Mpunga, ambaye ni mlaji sana, unapandwa kwanza. Muhogo na ndizi zinafuata, maana zinavumilia njaa. Kisha shamba linaachwa lilale, miaka mitano, kumi, hata zaidi, mpaka miti irudi. Ukiona miti ya kombokombo imejaa mahali, ujue babu ya mtu alilima hapo.

Sasa sikiliza vizuri, sababu bei ya beseni inazaliwa hapa.

Kupanda ni kazi ya wamama. Kupalilia ni kazi ya wamama. Kuvuna shuke kwa shuke kwa kisu kidogo, kufunga mafungu, kuanika, kutwanga ndani ya kinu, yote ni wamama na mabinti wao. Lakini kuangusha miti ni kazi ya shoka, na shoka ni la wanaume. Nayo ina wakati wake. Mvua inapungua mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza na wa pili. Ndani ya wiki hizo chache miti lazima ikatwe, ikauke, ichomwe, mbele mvua haijarudi mwezi wa tatu. Ukichelewa, mvua inalowesha matawi, moto unakataa, na mwaka huo huna shamba jipya. Hakuna dawa ya kurudisha.

Na ni wakati huohuo, maji yanapopungua kwenye vijito, vijana wanasema: sasa karieri ni nzuri, twende.

"Mama, naenda ku karieri, miezi miwili tu," anasema kijana wa kwanza wa jamaa yetu, miaka kumi na saba.

"Na shamba, mtoto wangu?"

"Baba iko."

Baba yuko, ndiyo. Lakini mgongo wa baba si ule wa zamani, na mtu mmoja na shoka moja hawezi kumaliza nusu hektari ya pori kwa wakati. Wengine wana bahati ya likelemba: leo vijana wote wanakata kwa fulani, kesho kwa mwingine, na mwenye shamba anapika. Lakini likelemba ya watu gani, ikiwa vijana wa kijiji wako kwenye mashimo? Basi mama anafanya nini? Anarudi kwenye shamba la zamani, ule udongo uliochoka, anapanda muhogo tu. Mpunga unapungua. Ku soko mabeseni yanakuwa machache, na walaji wa mchele ni walewale walioacha shoka nyumbani.

Mimi sisemi vijana ni wavivu. Kuchimba ni kazi ngumu kuliko kulima, uliza mtu yeyote aliyesimama siku nzima ndani ya maji akipepeta changarawe. Na nani atamlaumu kijana anayeona hakuna njia nyingine ya kupata franka za minervali ya wadogo wake? Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini sekondari inalipwa, na mwalimu mkuu hapokei muhogo.

TUPIGE HESABU

Katika nchi yetu hektari moja ya mpunga wa nchi kavu inatoa kiasi cha kilo 800 mpaka 1,000 za mpunga wenye maganda. Jamaa yetu ina nusu hektari. Tuseme mwaka ni mzuri, ndege hawakula sana: kilo 450. Toa mbegu ya mwaka ujao, kilo 25 hivi. Inabaki 425. Ukitwanga, maganda yanaondoka na zaidi ya theluthi ya uzito. Unapata mchele kilo 270 tu. Watu nane, kila mmoja akila gramu 150 kwa siku, ambayo ni sahani ya kawaida, ni kilo moja na gramu 200 kila siku. Kilo 270 zitakwisha kisha siku 225. Hapo hawajauza hata kikombe kimoja!

Lakini lazima wauze. Chumvi, sabuni, dawa ya malaria, nguo, daftari. Wakiuza nusu, mchele wa kula umebaki wa miezi mitatu na nusu. Ndiyo maana nyumbani wanakula muhogo, sombe na lituma ya ndizi, na mchele wanauona siku ya sikukuu. Anayelima mchele haule, msomaji. Aliyeko karieri ndiye anaula.

Mavuno ni mwezi wa saba na wa nane. Wakati huo kila mtu anauza, na bei inaanguka. Mwezi wa nne, wa tano na wa sita, ghala ni tupu, bei inapanda, na mama aliyeuza beseni zake kwa bei ya chini anaweza kujikuta ananunua mchele kwa bei ya juu. Kuna jambo baya zaidi. Mfanyabiashara anapita mwezi wa tano, wakati wa njaa, anatoa franka kidogo au gunia la chumvi, na anasema: utanilipa mpunga ukikomaa. Mpunga ungali kijani na tayari si wako.

Nisisahau watoto. Mpunga ukianza kujaza, makundi ya ndege yanashuka asubuhi na jioni. Mtu lazima akae shambani, apige kelele, arushe mawe. Mtu huyo ni mtoto wa miaka minane au kumi. Na wakati huo ni mwezi wa sita, mitihani inapofanyika shuleni. Mwalimu analalamika mtoto hayuko darasani. Mwalimu ana haki. Mama naye ana haki.

NJIA YA BESENI

Siku ya soko, Mama anaamka gizani. Kikapu kiko mgongoni, kamba kwenye paji la uso, binti nyuma yake na mkungu wa ndizi. Wanatembea saa mbili au tatu. Wakifika, mchele wake unanunuliwa na mtu wa kinga au wa pikipiki, ambaye ataupeleka ndani ya pori mpaka karieri. Njiani kuna mito ya kuvuka, barieri za kulipa, matairi ya kupasuka. Kila mahali bei inaongezeka kidogo, na Mama hapati hata senti ya nyongeza hiyo.

Kule karieri mchimbaji wengi wao hawanunui kwa franka taslimu. Kuna mtu anayeitwa suporteri. Yeye ndiye anayetoa koleo, sepetu, chakula na tumbaku, na jiwe likipatikana anachukua fungu lake, kisha anakata madeni yote kwa bei aliyopanga yeye. Jiwe lisipopatikana, deni linaendelea kulala ndani ya kitabu.

Sasa unganisha mwenyewe. Mchele ambao Mama aliuza kwa bei ya chini ili alipe sabuni umepanda njia ya pori, umefika kwenye sufuria ya kijana wake, na umeandikwa kwenye kitabu cha suporteri kama deni la kijana huyohuyo. Wala mama wala mtoto hajui. Jamaa moja imeuza na kununua chakula chake yenyewe, na faida ikabaki njiani.

Neno moja kwa wanaonunua muhogo, sababu ni jambo la afya. Muhogo mchungu una sumu. Lazima uloweshwe majini siku tatu au nne, kisha ukaushwe vizuri. Soko likiwa na haraka, wengine wanautoa siku ya kwanza au ya pili. Watu wanaokula muhogo wa namna hiyo wiki nyingi, bila nyama, samaki wala maharagi, wanaweza kupata konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafla na hauponi. Daktari mmoja aliuandika kule Kwango tangu mwaka 1938, na mpaka leo unaonekana katika nchi yetu. Kwa hiyo ukinunua unga, uliza bila haya: "Mama, uliulowesha siku ngapi?" Mama mwema hatakasirika.

MWEZI WA PILI

Turudi kwa jamaa yetu. Ni mwisho wa mwezi wa pili. Ngurumo zimeanza kusikika mbali. Miti ya shamba jipya imelala, lakini kona ya juu bado imesimama, baba hakuiweza. Kijana amerudi jana usiku, miguu imevimba, mfuko mwepesi. Hakuna aliyemuuliza habari za mawe. Nyanya amemwekea lituma, amekula, amelala.

Asubuhi baba ananoa shoka, analiweka karibu na mlango, hasemi kitu. Mama anashusha gunia la mbegu lililotundikwa juu ya moshi wa jiko, ambapo wadudu hawafiki. Anapima kwa kopo. Zilipaswa kuwa kilo 25. Mwezi wa kumi na mbili mtoto wa mwisho alishikwa na homa, na sehemu ya mbegu ikaenda dispensari. Zimebaki kama kilo 18.

Kijana anasimama mlangoni, anaangalia gunia, anaangalia mawingu. Anachukua shoka.

"Kona ile nitaimaliza kwa siku tatu, nne," anamwambia mama yake. "Lakini mbegu haitatosha."

"Haitatosha," anasema Mama. "Pale tutaweka muhogo."