Kisonono Kisichouma

Jioni, mteja mmoja katika duka la dawa husubiri wenzake watoke kwanza. Kisha huinama juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya chini: "Dokta, mkojo unaniunguza." Muuzaji si daktari, ingawa mtaani wote humwita hivyo, na hana haja ya kuuliza mengi. Anahesabu vidonge, anavitia kwenye bahasha ndogo, hela inatoka, mteja anaondoka. Dakika tatu zimetosha. Nyumbani akiulizwa anameza nini, atasema ana UTI.

Huenda kweli ni UTI. Lakini kwa kijana wa kiume anayetokwa na usaha kwenye uume, cha kwanza kushukiwa ni kisonono, au gono kama wanavyoita vijana. Bakteria wake alitambuliwa mwaka 1879 na Albert Neisser, daktari Mjerumani aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, na jina la kisayansi la bakteria huyo limetokana na jina lake. Karibu karne moja na nusu baadaye, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa kwa mwaka 2020 peke yake watu milioni 82 wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa upya.

Neno kisonono linasikika karibu sana na kusonona, yale maumivu yanayomkaa mtu ndani. Kwa mwanamume jina hilo linafaa. Siku chache baada ya kujamiiana na mwenye ugonjwa, mara nyingi kati ya siku mbili na tano, mkojo huanza kuunguza kama pilipili na nguo ya ndani huchafuka kwa usaha wa njano au wa kijani. Maumivu hayo humfukuza mbio kutafuta dawa.

Kwa mwanamke mambo ni tofauti kabisa. Wanawake wengi wenye kisonono hawasikii chochote. Wengine huona ute umeongezeka kidogo, au tumbo la chini linavuta, wakadhani ni siku zao zinakaribia. Bakteria hukaa kwenye shingo ya kizazi kimya kimya, kisha hupanda hadi kwenye mirija inayopitisha yai. Mirija hiyo ni myembamba mno. Ikivimba na kupona ikiwa na makovu, huziba, na mwanamke hugundua miaka mingi baadaye anapotafuta mtoto asimpate, au mimba inapotunga nje ya kizazi na kuhatarisha uhai wake. Kisonono cha kuogopwa zaidi, basi, ni kile kisichomsononesha mtu.

Historia ya Afrika Mashariki inaonyesha hasara hiyo inaweza kuwa kubwa kiasi gani. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, ilijulikana kwa uzazi mdogo, na viongozi wa Wahaya, wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni walikuwa na hofu kwamba watu wanapungua. Mwaka 1952 watafiti Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi wa uzazi huko na Buganda, kwa sababu wanawake wasio na mtoto hata mmoja walikuwa wengi kupita kawaida. Hali kama hiyo ilikuwepo kaskazini mwa Kongo, Gabon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, eneo ambalo wataalamu wa idadi ya watu waliliita ukanda wa ugumba. Magonjwa ya zinaa, kisonono kikiwa mbele, yalichangia sana. Antibiotiki zilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ugumba ulipungua katika sehemu nyingi za ukanda huo.

Inafaa kuwafikiria wanawake wale. Mke asiyezaa aliitwa mgumba, akapelekwa kwa waganga, pengine akarudishwa kwao na mwingine akaolewa. Mume aliyeuleta ugonjwa alikwishasahau wiki ile mkojo ulipomuunguza, na ndiye aliyeweza kumwambukiza hata mke mpya. Lawama ya namna hii bado iko kwenye nyumba nyingi leo.

Mtoto naye hupata sehemu yake. Akipita kwenye njia ya uzazi yenye bakteria, macho yake hujaa usaha siku chache baada ya kuzaliwa, na asipotibiwa haraka anaweza kupofuka. Huko Leipzig, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1880, daktari wa uzazi Carl Credé alianza kuwatia watoto wachanga tone la dawa ya madini ya fedha machoni. Kabla ya hapo, karibu mtoto mmoja kati ya kumi katika wodi yake alikuwa akiugua. Baadaye hawakufika hata mmoja kati ya mia. Marhamu ya tetrasaiklini ambayo wakunga huwapaka watoto machoni mara tu wanapozaliwa imetokana na kazi yake. Mama akiiona asidhani inadokeza lolote juu yake: hupakwa kila mtoto.

Tanzania ina mchango wake katika elimu ya magonjwa haya. Kati ya 1991 na 1994, mkoani Mwanza, watafiti walichagua maeneo 12 ya vijijini, wakayapanga sita kwa sita. Katika sita ya kwanza, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, dawa zikahakikishwa haziishi, wasimamizi wakapita mara kwa mara, na wanavijiji wakaelimishwa kwenda mapema. Hapakuwa na mashine ya ajabu. Matokeo yaliyotangazwa 1995 yaliishangaza dunia: katika maeneo hayo maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na yale mengine. Sehemu ya mwili yenye uvimbe na usaha huwa mlango mpana kwa VVU. Ni kweli kwamba jaribio jingine Rakai, Uganda, la kuwapa dawa watu wote kwa mkupuo, halikuonyesha nafuu hiyo kwa upande wa VVU. Hata hivyo Mwanza ilithibitisha kwamba zahanati ya kijijini yenye dawa na mhudumu aliyefundishwa inaweza kufanya kazi kubwa.

Tiba ya kufuata dalili ina pengo moja, nalo ni lile lile la mwanamke asiyeumwa. Asiye na dalili hatibiwi. Kipimo cha vinasaba huliziba pengo hilo: mkojo, au ute ambao mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe kwa pamba, huingizwa kwenye mashine ya aina ile ile inayopima kifua kikuu katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, na jibu hutoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kikwazo ni bei ya vitendanishi, na hapo serikali zinastahili kusukumwa zaidi.

Na vile vidonge vya dukani? Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaijui. Bakteria wa kisonono amezishinda dawa moja baada ya nyingine. Sulfa za miaka ya 1930 zilimshinda nguvu kwa miaka michache tu. Penisilini ilifuata, dozi ikawa inapandishwa na kupandishwa, hadi mwaka 1976 ilipogunduliwa aina yenye kimeng'enya kinachoivunja dawa yenyewe. Siprofloksasini, iliyotegemewa mno katika miaka ya 1990, Marekani iliacha kuipendekeza kwa kisonono mwaka 2007, na vipimo vya maabara Kenya na Uganda vimeonyesha usugu mkubwa dhidi yake. Bado inauzwa kaunta, na bado watu huimeza kwa ajili ya gono. Usaha unaweza hata kupungua kidogo, mtu akajiona amepona.

Iliyobaki ya kutegemewa ni sindano ya seftriaksoni, na nayo imeanza kutikiswa: mwaka 2009, Kyoto, Japani, ilipatikana aina iliyoishinda, kwenye koo la mwanamke mmoja. Kooni bakteria huyu hukutana na jamaa zake wasio na madhara na kuazima kwao chembe za urithi za usugu. Tumaini jipya lipo. Zoliflodasini, dawa ya kunywa mara moja, ilijaribiwa kwa watu 930 katika nchi tano, Afrika Kusini ikiwemo, na mwaka 2023 ikaonekana inatibu kisonono cha sehemu za siri sawa na tiba ya kawaida. Uingereza, tangu Agosti 2025, inawachanja walio katika hatari kubwa zaidi kwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa bakteria hao wawili ni ndugu. Kinga yake ni ya sehemu tu.

Kwa msomaji wa Temeke, Kisumu au Bukavu, njia ya leo ni ya karibu zaidi. Kondomu ikivaliwa tangu mwanzo hadi mwisho hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Mjamzito aulize kliniki kuhusu vipimo vyote vya magonjwa ya zinaa, si VVU na kaswende peke yake. Anayeunguzwa na mkojo aende kituo cha afya akapate sindano sahihi, na mara nyingi dawa ya klamidia pia, maana magonjwa hayo mawili hupenda kuandamana.

Kisha linakuja lililo gumu kuliko sindano: kumwambia mwenzi. Wahudumu wazuri hawamwachii mgonjwa mzigo huo peke yake. Humsaidia kupanga maneno, au humpa kadi ya mwito isiyotaja ugonjwa. Wote wawili watibiwe, wakae siku saba bila kujamiiana, na baada ya miezi mitatu warudi wapimwe tena, hata kama hakuna kinachowauma.