Koti lenye taa: kazi hii ni ya mshonaji pia

Siku ya delestaje, njia zetu zinabakia giza totoro, lakini wamotari wanaendelea kubeba watu. Wengi wanavaa jile ya kungaa. Jile hiyo inasaidia, ila haina mwangaza wake yenyewe: inarudisha tu ule wa gari. Gari ikiwa na taa zilizokufa, dereva haoni kitu mpaka amefika karibu kabisa. Juu ya ile tunauliza: nguo yenyewe haiwezi kuwaka?

Inaweza. Wengine wameifanya kwa maonyesho: CuteCircuit ya London walishona robe, Galaxy Dress, yenye taa ndogo 24.000. Lakini inayotugusa sisi ni koti ya baiskeli ya Leah Buechley, mama wa Marekani. Yeye ndiye aliyebuni LilyPad, kibao cha duara cha elektroniki kilichoanza kuuzwa mwaka 2007, chenye matundu pembeni ili sindano ipite. Mgongoni mwa koti aliweka mishale miwili ya taa. Ukibonyeza kifungo kwenye mkono wa kushoto, mshale wa kushoto unawaka na kuzima. Anayekufuata anajua unakata kona wapi.

Washonaji wetu wasiogope kazi hii. Hata bila kibao kile, mtu anaweza kuanza na taa nyekundu tatu za LED, mabuye mawili ya radio, swichi, na rezistansi ndogo kwa kila taa ili isiungue. Chora kwanza njia ya umeme kwenye karatasi, sawa vile unachora patroni. Waya wa plus na waya wa minus visigusane hata nguo ikikunjwa. Basi chukua waya mwembamba wenye ngozi, uufiche chini ya kitambaa cha ndani. Kwenye kiwiko na bega uache ulegee kidogo, kwani hapo ndipo unakatikaka. Kila taa ipate njia yake: moja ikikufa, zingine zitaendelea kuwaka.

Mabuye yakae ndani ya mfuko unaofunguka, yatolewe mbele ya kufua. Tena mujaribu taa zote mbele ya kufunga kitambaa cha ndani, maana kufumua koti nzima kwa ajili ya waya moja ni hasara ya siku.