Wasiwasi ni kengele, usiizime kabla hujaisikiliza

KAMA unaishi Kisauni, jina la Kengeleni unalisikia kila siku makondakta wakiita abiria. Lakini umewahi kujiuliza ni kengele gani inayozungumziwa? Ipo, na mnara wake bado umesimama pale kando ya barabara.

Eneo hilo ni Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa Church Missionary Society mwaka wa 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Miaka miwili kabla ya hapo, Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa ametia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, ila magendo yalikuwa hayajakoma. Inasimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa kuwaonya wakazi kila wateka watumwa walipoonekana wakikaribia.

Hebu jiweke mahali pao. Usiku umelala, mara kengele inalia. Moyo ungekudunda, jasho lingekutoka. Lakini je, ungeichukia kengele? La. Ndiyo iliyokupa muda wa kuamka, kumbeba mtoto na kukimbilia waliko wenzako.

Sasa rudi kwa maisha yako. Pengine wewe ni wa Changamwe, umemaliza chuo, na kila asubuhi unasimama nje ya geti la bohari ukisubiri kuitwa kibarua. Au ni wa Likoni, mkopo wa simu umeiva, kodi ya nyumba haijalipwa, na nyumbani wanakutazama wewe. Tumbo linakaza, usingizi umepaa, moyo unaenda mbio hata ukiwa umekaa tu. Ukijaribu kusema kanisani, unaambiwa: "Omba zaidi, imani yako ni ndogo." Basi unanyamaza. Jumapili unainua mikono na wenzako, Jumatatu unajifungia ndani.

Huko kunyamaza ndiko kunakoumiza vijana wengi. Na wala Biblia haikudai unyamaze.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Wafilipi wasijisumbue kwa lolote bali wamwambie Mungu haja zao. Aya hiyo umeisikia mara nyingi. Pengine usichoambiwa ni kwamba katika barua hiyo hiyo, sura ya pili, Paulo anamsifu kijana Timotheo kwa kuwajali Wafilipi kwa moyo wa kweli, na kitenzi cha Kigiriki alichotumia kwa huko kujali ndicho hicho hicho alichotumia kwa kujisumbua. Naye mwenyewe, akiwaandikia Wakorintho barua ya pili, sura ya 11, anakiri kwamba kila siku analemewa na wasiwasi juu ya makanisa yote.

Maana yake ni nini? Wasiwasi na upendo vinachota maji katika kisima kimoja. Huwezi kukosa usingizi kwa ajili ya jambo usilolijali. Ukihofia mtihani, ni kwa kuwa kuna maisha unayoyatamani. Ukihofia karo ya mdogo wako, ni kwa kuwa unampenda. Hilo ndilo jema lililofichika ndani ya wasiwasi: unakuonyesha hazina yako iko wapi. Swali ni utaupeleka wapi.

Wakazi wa Likoni wanalijua hili vizuri. Aprili 29, 1994, feri ya MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Kwa hiyo kama moyo wako hushtuka feri inapoinama kidogo, usijione mwoga. Hofu hiyo ina kumbukumbu ndani yake. Ikitumiwa vyema, ndiyo inayokufanya uangalie maboya yalipo na ukatae kusukumana langoni.

Wanafunzi wa Yesu nao waliogopa chomboni. Katika masimulizi ya Marko, sura ya nne, dhoruba ilipovuma walimwamsha wakimlalamikia kana kwamba hajali wakiangamia. Kweli, aliwauliza imani yao iko wapi. Lakini tazama mpangilio: kwanza alituliza bahari, swali likafuata. Hakuwaacha wazame ili wajifunze. Na hofu yao, pamoja na upungufu wake, iliwapeleka kwake badala ya kuwatupa majini.

Neno letu "wasiwasi" lina asili ya Kiarabu, nalo hubeba maana ya kunong'ona. Na kweli, mnong'ono wa usiku wa manane unakuchosha kwa sababu unausikia peke yako. Kengele husikika na kijiji kizima. Kazi yako basi ni kuugeuza mnong'ono uwe kengele: utaje kwa sauti.

Anza kwa Mungu, na usizungukezunguke. Usiseme tu "Bwana nisaidie". Sema: "Nahofia kodi ya mwezi huu, na naona aibu kwa mama." Kisha chukua karatasi, tenga unaloweza kulifanya leo na lisilo mikononi mwako. Unaloweza, lifanye: piga simu kwa mwenye nyumba kabla hajaja kubisha. Lililobaki, liache mbele za Mungu, hata kama kesho itabidi uliache tena.

Halafu mtafute binadamu mmoja: rafiki wa kikundi cha vijana, shangazi, mchungaji anayejua kusikiliza. Wala usiudharau mwili. Nabii Eliya alipokata tamaa hadi akaomba kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Soma Wafalme wa Kwanza, sura ya 19.

Lakini kuna kengele iliyokwama, inayolia hata pasipo hatari. Ukiona wiki zinapita huli, hulali, unashindwa na kazi, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, hapo usibaki na maombi peke yake. Hospitali ya Port Reitz kule Changamwe ina huduma za afya ya akili, na laini ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, 1199, hupokea wanaohitaji ushauri. Kumwona daktari si kumkana Mungu, na dawa ulizopewa usiziache kwa kuwa mtu amekuombea.

Nawe uliye imara leo, mwenzako akikwambia ana wasiwasi, usikimbilie kumpima imani. Watu wa Frere Town kengele ilipolia hawakuwa na muda wa kuulizana nani anaogopa zaidi. Fungua mlango, mwambie aingie, aketi.