Mganga Mfawidhi ni Kiongozi Pia

Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo vya afya. Kwa hiyo mganga mfawidhi hatibu tu. Huandaa bajeti, hupanga zamu na huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa. Akichelewa kuhesabu dawa zilizobaki, agizo nalo huchelewa, na mama aliyeshuka kwa miguu kutoka vitongoji vya juu vya Machame wakati wa masika hurudi na cheti tu, akanunue dukani. Zamu ya usiku isiyo na msimamizi anayejulikana ni hatari zaidi: mzazi anatokwa damu, na wahudumu wanatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aamue apelekwe hospitali.

Mganga mfawidhi ndiye katibu wa kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo baadhi ya wajumbe wake ni wananchi wenzetu. Kuwachagua si jambo la kumalizia mkutano watu wakiwa wamesimama. Kamati hiyo yaweza kuulizwa na mkazi yeyote: robo hii zimepokelewa shilingi ngapi, na zimenunua nini?