Fahamu: Mtoto anayejitenga huona nini kwenye nyuso za wenzake

Mtoto anayejitenga hakosi kuwatazama wenzake. Mara nyingi huwatazama kupita kiasi. Jioni huko Bofu, Likoni, watoto wakicheza baada ya chuo cha Kurani, yeye huegemea ukuta. Mmoja akikunja uso, hata kama ni kwa jua tu, yeye huwa wa kwanza kuuona na wa mwisho kuusahau.

Mvuto huu wa macho kwenye nyuso za hasira hupimwa kwa jaribio lililobuniwa Uingereza mwaka 1986, wakati huo kwa maneno badala ya picha. Siku hizi skrini huonyesha nyuso mbili, uso wa hasira na uso mtulivu, kwa nusu sekunde hivi. Zikifutika, kitone hutokea mahali pa mmojawapo na mtoto hubonyeza kitufe. Akiwahi zaidi kitone kinapotokea upande wa hasira, basi macho yalikuwa yameshafika huko.

Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard alikadiria kuwa watoto 15 hadi 20 kati ya 100 wana hulka ya kuogopa mambo mageni. Mtafiti Koraline Pérez-Edgar na wenzake waliona kwamba, kati ya hao, wanaovutwa na nyuso za tisho ndio huelekea kubaki wapweke. Hata hivyo matokeo ya jaribio hubadilika-badilika, kwa hiyo halifai kumhukumu mtoto mmoja mmoja.

Wapo pia wanaopenda tu kucheza peke yao, bila woga wowote. Na Pwani, kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu. Wa kuangaliwa ni yule anayeyainamisha hata mbele ya rika lake.