AJIRA ZA WAGENI KIBONDO NA KASULU: HESABU YA MWENYE SHAMBA NA YA MWENYE NYUMBA

Mvua za Oktoba na Novemba zinapokaribia katika nyanda za juu za Kigoma, huanza kutafutwa bidhaa moja ambayo haiandikwi katika orodha ya bei za mazao. Bidhaa hiyo ni nguvu ya mtu mwenye jembe. Mkulima wa Kasulu au Kibondo aliyekusudia kulima ekari kadhaa za mahindi na maharage hawezi kuzimaliza kwa mikono ya nyumbani peke yake, na vibarua wengi wanaofika kuomba kazi wanatoka Burundi. Mfanyabiashara anayenunua maharage kwa gunia anapaswa kufuatilia habari hii mapema, kwa kuwa palizi ikikosa watu mwanzoni mwa msimu, upungufu huonekana sokoni wakati wa mavuno.

Kibarua huyo hana barua ya maombi wala cheti. Anavuka mpaka, anamkuta ndugu au mtu wa kijiji chake aliyetangulia, naye anampeleka kwa mwenye shamba. Lugha si kikwazo, maana Kirundi na Kiha vinakaribiana kiasi cha watu kuelewana bila mkalimani. Mapatano huwa ya kipande, au ya msimu mzima pamoja na chakula na mahali pa kulala. Mapatano ya msimu ndiyo yenye ugomvi mwingi: malipo yakingoja hadi mazao yauzwe, mgeni asiye na karatasi hana pa kushitaki akidhulumiwa, na mwajiri naye hana pa kushitaki kibarua akitoroka katikati ya palizi.

Wapo wanaodhani kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kulimaliza suala hili. Haikulimaliza. Burundi ilijiunga mwaka 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, lakini Tanzania ilifungua milango kwa taaluma zilizoorodheshwa tu. Kibarua wa shamba hamo hayumo. Kwa hiyo yeye na mhandisi wote wako chini ya sheria moja ya ajira za wageni ya mwaka 2015, inayomtaka mgeni awe na kibali cha Kamishna wa Kazi kabla ya kushika kazi. Adhabu humkumba pia aliyemwajiri. Bwana shamba anayeona vibarua wa magendo ni rahisi aiweke faini katika hesabu yake.

Wazee wa Uha hawashangazwi na safari hizi. Ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, SILABU, ilianzishwa mwaka 1944, na Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba wengi waliokwenda Tanga na kwingineko. Mjukuu wa manamba leo ndiye anayeajiri.

Mlango wa pili wa ajira ni wa mtaalamu wa kigeni. Huyu aliletwa hasa na kambi. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Warundi walimiminika Kigoma. Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Na machafuko ya 2015 yakaleta Warundi wengine zaidi ya 200,000. Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada yalihitaji madaktari, wahandisi wa maji na wahasibu. Baadaye ujenzi wa barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilometa 260 hivi, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulileta mafundi wa makandarasi.

Mtaalamu haombi kazi akiwa Kibondo. Huajiriwa kwanza, na mwajiri ndiye anayemwombea kibali, akieleza kwa nini Mtanzania mwenye ujuzi huo hakupatikana na nani atarithishwa kazi. Kibali cha kawaida ni cha miezi 24. Kinaweza kuongezwa, lakini jumla isizidi miaka 8. Uhamiaji nao hutoa kibali cha ukaazi.

Tarakimu hizo mwenye nyumba angepaswa kuzijua kabla ya kukopa. Mpangaji wa namna hii hulipa vizuri, huchukua nyumba yenye uzio, tangi la maji na jenereta, na shirika hulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Lakini mkataba wake hufuata bajeti ya mfadhili aliye mbali. Mtabila ya Kasulu ilifungwa Desemba 2012. Mtendeli, iliyokuwa Kibondo kabla ya Kakonko kuwa wilaya, ilifungwa 2021. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi duniani yakapunguza watumishi. Mkopo wa miaka 7 kwa nyumba inayomtegemea mpangaji wa miezi 24 ni biashara ya kubahatisha, hata kama kodi inatajwa kwa dola.

Waliofanya hesabu nzuri zaidi ni waliojenga vyumba ambavyo mwalimu, muuguzi au mnunuzi wa mazao anaweza kuvimudu shirika linapofunga ofisi, na waliotumia kodi ya miaka ya neema kununua mashine ya kukoboa au ghala. Ghala hukodishwa kila mavuno, vibarua wavuke mpaka au wasivuke, ingawa wasipovuka magunia yatakayoingia humo yatapungua.